Timu ya Shule Inachukua Watoto 16, Waliobaki Wacheze Wapi?

Ikifika Mei, walimu wa michezo wa shule za msingi huanza kuhaha. Mashindano ya kata yamekaribia, barua kutoka kwa afisa elimu kata imeshafika, na ndani ya siku chache lazima ipatikane timu ya soka, timu ya netiboli, wakimbiaji wawili watatu na ikiwezekana kwaya. Watoto wa darasa la tano hadi la saba wanatolewa uwanjani. Mwalimu anawatazama kwa dakika 15, mpira mmoja, watoto 40. Kisha anaanza kunyoosha kidole: wewe, wewe, wewe mrefu, na wewe wa malapa. Wengine rudini darasani. Wanaorudi hawaambiwi kwamba kwa wengi wao michezo ya shule ndiyo imeishia hapo.

Tuchukue shule yenye wanafunzi 900. Kwa Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya hiyo ni shule ya kawaida kabisa, wala hatuwezi kuiita kubwa. Soka itachukua watoto 16 au 18. Netiboli 12. Ongeza riadha, wavu, mpira wa mikono, kwaya na ngoma. Ukijitahidi sana kuwa mkarimu, unafika 80. Waliobaki 820 ni watazamaji. Na hao 80 wenyewe wanacheza wiki chache tu. Timu ikitolewa ngazi ya kata, mwalimu anakusanya jezi, anazihesabu, anazifungia kwenye kabati la ofisi, na msimu umekwisha. Zitaonekana tena Mei ijayo.

Hapo ndipo ninapoona kasoro yetu ilipo. Michezo ya shule za msingi tumeijenga kama chujio: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa, na kila ngazi inaacha watoto nje. Chujio lina kazi yake. Ila chini yake hatukuweka kitu kingine. Hakuna ratiba ya kila wiki, baada ya masomo, ambapo mtoto anacheza kwa sababu leo ni Jumanne, hata kama hakuna aliyemchagua. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mahitaji ya kuianzisha ratiba hiyo tunayo tayari, ila yamekaa pande mbili za ukuta mmoja.

Nisieleweke vibaya. UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania, ni jambo la kuenziwa. Mtoto wa Newala anayefika Tabora au Iringa akiwa na jezi ya mkoa wake, akalala bweni moja na watoto wa mikoa aliyokuwa akiisoma tu kwenye Maarifa ya Jamii, harudi kwao akiwa yule yule. Mashindano haya yametangulia hata michezo ya wakubwa katika mambo fulani: watoto wasioona wanacheza goliboli, ule mchezo wa mpira wenye kengele ndani, na viziwi wana soka lao. Tumewahi pia kuonja maisha bila mashindano haya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliisimamisha michezo ya shule, ikapita miaka kadhaa kabla haijarejeshwa, na mpaka leo wadau wa soka na riadha wakitafuta wa kumlaumu kwa kizazi kilichopotea hunyooshea kidole kipindi kile. Nadhani wanakitwika mzigo mkubwa kuliko kinavyostahili. Kabla ya kusimamishwa na baada ya kurejeshwa, mtoto wa kawaida asiye na kasi wala kimo alikuwa mtazamaji vile vile.

Chujio likiwa peke yake huharibu hata kile kinachochujwa. Mwalimu wa michezo hapimwi kwa idadi ya watoto waliocheza mwaka mzima. Anapimwa kwa kombe lililoko mezani kwa mwalimu mkuu, na afisa michezo wa wilaya anapimwa kwa kombaini yake, yaani timu ya waliochaguliwa kutoka shule zote, ilivyofanya mkoani. Katika mazingira hayo mamluki hawashangazi: mtoto wa shule jirani anavalishwa sare ya shule yako kwa mwezi mmoja, kisha anarudi kwao. Vijeba, wale waliovuka umri, nao hawashangazi. Kila mpenzi wa michezo ya shule ana kisa chake cha beki wa darasa la sita aliyekuwa na sauti nzito kuliko refa.

Ugonjwa huo tuliukuza mpaka ukatuumbua nje ya nchi. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, ilikuwa imefuzu fainali za vijana wa Afrika chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia, ikaenguliwa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Mwaka 2009 FIFA ikaanza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, kinachokagua umri kwa kutazama mifupa, kwenye Kombe la Dunia la umri huo, kwa hiyo leo ujanja ule unagonga mwamba kimataifa. Kwenye kata hakuna MRI. Kuna macho ya mwalimu na cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa upya.

Hata pasipo udanganyifu wowote, kuchagua mapema kunamwonea mtoto mdogo. Watoto wawili wa darasa la sita, mmoja kazaliwa Januari na mwingine Desemba ya mwaka huo huo, wametofautiana karibu mwaka mzima wa kukua. Vijijini, ambako wengine huandikishwa shule wakiwa wamechelewa, tofauti inaweza kuwa miaka miwili au mitatu. Kocha anayetaka kushinda Jumamosi hii atamchukua mwenye kifua. Yule mdogo anarudi darasani, na akifikisha miaka 16 huenda amemzidi kimo yule aliyechaguliwa, lakini amekaa miaka mitano bila mtu wa kumpasia mpira.

Sasa tuangalie pesa, maana huko nako kuna jibu la swali kwa nini hakuna anayewakimbilia watoto wa umri huu. Kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji zinataka asilimia 5 ya ada ya mchezaji anayeuzwa kimataifa igawanywe kwa klabu zilizomlea tangu mwaka alipotimiza miaka 12 hadi 23. Fidia ya mafunzo, ile inayolipwa klabu zilizomfundisha mchezaji, nayo inaanza kuhesabiwa miaka hiyo hiyo 12. Kwa macho ya soko, basi, mtoto wa miaka 7, 8 au 10 hana thamani hata ya senti moja. Na miaka 12 ndio umri wa kukaribia kumaliza shule ya msingi. Hakuna kituo cha kulea vipaji chenye akili ya biashara kitakachomwekezea mtoto wa darasa la pili, isipokuwa kama mzazi wake analipa ada. Ndiyo maana akademi za watoto wadogo unazikuta zaidi Masaki na Mikocheni, kwenye nyasi za kijani, wazazi wamekaa pembeni na chupa za maji.

Kocha wa mtaani yeye anawekeza matumaini. Anawafundisha watoto wa Mbagala au Buza kwa miaka, ananunua mpira kwa hela yake, akiamini siku moja mmoja wao atauzwa na yeye atakumbukwa. Siku hiyo hata ikifika, jina la timu yake mara nyingi halimo kwenye karatasi, kwa sababu timu haijasajiliwa popote na mtoto hakuwa na leseni ya mchezaji. Mbwana Samatta alitokea Mbagala, akapita African Lyon, Simba na TP Mazembe, akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tangu hapo kila uwanja wa vumbi una kocha anayesema Samatta wake yupo njiani. Simcheki. Ila nasema watoto wa miaka 6 hadi 11 hawana mtu mwingine zaidi ya shule na mtaa wao. Soko halitawafuata.

Hapa nizungumze na wazazi kidogo. Tunao wazazi wa aina mbili ambao wakikutana barazani hugombana. Mmoja anamkemea mtoto: mpira utakupeleka wapi, kashike daftari. Mwingine keshamnunulia mwanawe wa miaka 8 daluga za bei mbaya na anamfokea kando ya uwanja akipoteza pasi. Ukiwasikiliza vizuri, wanakubaliana jambo moja: kwamba mpira ni ajira. Wa kwanza ameipigia hesabu akaona hailipi, wa pili ameipigia hesabu akaona inalipa. Mtoto wa miaka 8 hatafuti ajira. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumikisha mwili kwa nguvu ya wastani au zaidi, na takwimu za dunia zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha asilimia 81 ya wenye miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho, wasichana wakiwa nyuma zaidi ya wavulana. Mtoto wa kijijini anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule pengine anakifikia kwa miguu yake. Mtoto wa mjini anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri kuwahi basi la njano na kurudi magharibi akiwa amelala kwenye kiti, sioni anakifikia wapi.

Nimesema mahitaji yapo pande mbili za ukuta mmoja. Upande wa ndani kuna uwanja. Shule nyingi za msingi za serikali, hasa zile za zamani, zina eneo ambalo mtaa mzima hauna: uwanja wa mpira wenye magoli ya mabomba, pengine na nguzo mbili za netiboli zilizopinda. Ukipita jioni, saa kumi na moja, geti limefungwa kwa mnyororo. Upande wa nje, barabarani, watoto wa shule ile ile wanacheza chandimu, magoli ni matofali manne, na mchezo unasimama kila bodaboda inapopita. Mmoja amewekwa kwenye kona kazi yake ni kupiga kelele "gari!". Pembeni amesimama kijana wa miaka ishirini na kitu, filimbi shingoni, anajaribu kuwapanga. Huyo ndiye kocha, na mlinzi wa shule anamfahamu kwa jina. Funguo lakini hampi, kwa sababu hakuna aliyemwambia ampe.

Maeneo ya wazi ya mijini tumeyaacha yakaliwa na fremu za maduka, gereji na kuta za watu wenye uwezo. Kila kiwanja kinachomegwa kinaongeza thamani ya uwanja wa shule, na bado tunaufunga katika saa zile zile watoto wanazouhitaji. Tunajenga na kukarabati viwanja vikubwa kwa ajili ya AFCON 2027 tutakayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na mimi nitakuwa miongoni mwa watakaosukumana kutafuta tiketi. Mtoto wa darasa la tatu wa Tandika lakini hatachezea pale. Kwake yeye uwanja ni ule ulio nyuma ya choo cha shule.

Kwa nini geti linafungwa? Tusiwasingizie walinzi. Saa ya michezo ndiyo saa ya tuisheni, na tuisheni ina maslahi. Mwalimu anayeombwa asimamie michezo saa tisa na nusu ana wanafunzi wanaomsubiri kwenye darasa la ziada, na kila mmoja amekuja na hela yake. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una karatasi sita na hakuna hata moja ya michezo, kwa hiyo mwalimu mkuu anayebanwa na ufaulu wa darasa la nne na la saba anajua pa kuelekeza nguvu. Somo la michezo limo kwenye mtaala tangu enzi za Haiba na Michezo, na kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani kipindi chake kipo. Muulize mtoto kipindi hicho hufanya nini. Mara nyingi atakwambia wanamalizia Hisabati.

Fedha nazo ni kisingizio chenye ukweli ndani yake. Ruzuku ya serikali ni Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ya kugharimia kila kitu kuanzia vitabu. Mpira mmoja wa maana, wa kuhimili kokoto, pale Kariakoo unazidi kiasi hicho. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, walimu wakuu wengi wanaogopa hata kulitamka neno mchango mbele ya wazazi. Kwa hiyo klabu ya michezo ya baada ya masomo inabidi ibuniwe kwa mkono mtupu, na kwa bahati nzuri inawezekana.

Niseme inavyowezekana, maana makala za michezo zina tabia ya kuishia kwenye "wadau wajitokeze". Una watoto 40, mipira 3 na saa moja. Ukiwaachia wacheze 20 kwa 20, watagusa mpira watano wenye nguvu, wengine watakimbia na vumbi, na makipa wawili watachora ardhini kwa kidole. Badala yake, gawa uwanja sehemu nne kwa mistari ya majivu. Magoli ni malapa. Sehemu tatu zina mpira mmoja mmoja, watoto watano kwa watano, bila kipa. Sehemu ya nne haina mpira wa miguu: wiki hii watoto 10 wanakimbizana kupokezana kijiti, wiki ijayo wanaruka kamba, nyingine wanacheza rede. Kila baada ya dakika 10 filimbi inalia na kila kundi linahama. Zikipita dakika 40 kila mtoto amezunguka sehemu zote nne, amecheza na wakubwa na wadogo, na hakuna aliyekaa benchi kwa sababu benchi halipo. Dakika 20 zilizobaki ni za kupanga vikundi, kunywa maji na kuhesabu vichwa kabla ya kuondoka.

Rede nimeitaja makusudi. Tuna mchezo ambao wasichana wetu wameucheza vizazi na vizazi, unaofundisha kurusha, kulenga, kukwepa na kusoma mwili wa mpinzani, halafu mpira wa mikono tunaufundisha kama jambo jipya. Kwenye umri huu aina nyingi za michezo ni bora kuliko mmoja. Nchi hii medali zake mbili tu za Olimpiki, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kule Moscow mwaka 1980, zilitoka kwenye mbio, na Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo kwa saa 2:09:48, akimshinda Mjerumani waliyepewa muda mmoja naye. Hata hivyo neno "michezo" shuleni limebaki kumaanisha soka. Mtoto asiyejua danadana anajihesabu si mwanamichezo, kumbe mapafu yake hayajawahi kujaribiwa.

Suala la saa linahitaji akili kuliko suala la mipira. Kocha wa mtaani kwa kawaida hufundisha saa kumi na moja jioni, jua likishapoa. Kwa mvulana sawa. Msichana wa darasa la nne saa hiyo anachota maji, anambeba mdogo wake, anakoka jiko. Akirudi nyumbani kwanza, hatoki tena. Serengeti Girls walipoifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, tulishangilia wote, lakini hakuna aliyekwenda kumpunguzia ndoo yule wa darasa la nne. Njia ya kumpata ni kuianza klabu kengele ya mwisho inapolia, hapo hapo shuleni, kabla nyumba haijamvuta. Mama akishajua kwamba Jumanne na Alhamisi mwanawe anarudi saa kumi na nusu, anapanga kazi zake kwa saa hiyo. Asipojua, anapanga fimbo.

Saa hiyo ya kengele ina masharti yake. Mtoto aliyekunywa chai ya rangi asubuhi na hajala tena hawezi kukimbia saa tisa. Shule isiyo na uji au chakula cha mchana ianze na michezo mepesi na dakika chache. Ukanda wa pwani, kuanzia Tanga hadi Kilwa, na Unguja na Pemba, alasiri ni ya madrasa, na klabu itakayojipanga kushindana na madrasa imejimaliza yenyewe. Kaa na ustadhi, mtapata siku. Kwenye shule za zamu mbili, uwanja una watoto wa zamu nyingine madirishani wanaosoma, kwa hiyo Jumamosi asubuhi inafaa zaidi. Mambo haya hayapangwi wizarani. Yanapangwa na kamati ya shule na watu wa mtaa ule.

Majirani zetu wana mfano ambao tungeusoma kwa makini zaidi. Mwaka 1987 kwenye mabanda ya Mathare, Nairobi, ilianzishwa MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoasisiwa na Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akiishi huko. Ilianza na soka la watoto na usafi. Timu iliyotoka na mabeleshi na toroli kuzoa taka kwenye mitaro ilipewa pointi za ligi kwa kazi hiyo, kwa hiyo msimamo ulihesabu mabao na mitaro pamoja. Maelfu ya watoto, wavulana kwa wasichana, wakaingia kwenye ligi zilizoendeshwa na vijana wa Mathare wenyewe. Watu hupenda kumalizia kisa hiki kwa Mathare United, timu iliyotokana na mpango huo, kutwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Mimi huvutiwa na mpangilio wa matukio: ligi za watoto wote zilitangulia, timu ya wakubwa ikafuata. Sisi tungeanza na timu, tukaitafutia mdhamini, tukaishia hapo.

Norway wameuandika mpangilio huo kuwa kanuni. Tangu 1987, na kwa maboresho ya 2007, shirikisho lao la michezo lina haki za mtoto michezoni: hakuna msimamo wa ligi wala orodha ya washindi kwa walio chini ya miaka 11, na hakuna ubingwa wa taifa kabla ya 13. Watu wao ni milioni tano na ushei, na kwenye Olimpiki ya majira ya baridi Beijing mwaka 2022 walichukua dhahabu 16, nyingi kuliko nchi yoyote. Wana fedha na wana theluji, sikatai. Ila kile walichokipiga marufuku kwa mtoto wa miaka 10, kupangwa kwenye jedwali na kuachwa, ndicho kitu pekee ambacho sisi tumempa kwa uhakika.

Walimu wakuu niliozungumza nao wana hofu tatu na zote ni halali. Ya kwanza ni nani atalaumiwa mtoto akivunjika mkono. Jibu ni la kiutaratibu: fomu ya ridhaa ya mzazi, sanduku la huduma ya kwanza, na makubaliano na zahanati iliyo karibu. Mtoto huyo huyo leo anavunjika mkono barabarani akikimbia bodaboda, na hakuna mtu mzima aliyekuwapo. Ya pili ni mali ya shule. Kocha ana barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, mwenyekiti anamjua kwake, na funguo inasainiwa kwenye daftari.

Ya tatu ndiyo nzito, nayo ni usalama wa watoto mbele ya watu wazima wenyewe. Hapa sitanii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, lakini sheria huingia kazini baada ya madhara. Kinachozuia ni kanuni ndogo zisizo na msamaha: watu wazima wawili kila siku ya mazoezi, na mmoja wao awe mwanamke kama kuna wasichana, mtoto haendi geto kwa kocha kufuata viatu wala hela ya nauli, hakuna kupanda bodaboda na kocha, mzazi anaruhusiwa kuja kutazama siku yoyote bila taarifa. Kocha anayekasirishwa na kanuni hizo ameshajitambulisha.

Na kocha alipwe. Kidogo, lakini kwa tarehe inayojulikana. Asiyelipwa chochote ataishi kwa matumaini ya kumuuza mtoto, na hapo tumerudi kwenye chujio. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sioni kwa nini kikundi cha vijana makocha waliosajiliwa kisiombe kutoka fungu hilo kwa mradi wa kushona jezi au kutengeneza magoli, huku kikihudumia shule mbili tatu. Wapo vijana waliopitia Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya au kozi za awali za ukocha wanaozunguka na vyeti kwenye bahasha.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji bajeti kabisa. Kila mwaka, mashindano yakiisha, afisa michezo wa wilaya anaandika taarifa kwa mkurugenzi: michezo iliyochezwa, nafasi zilizoshikwa, makombe, wachezaji waliochaguliwa kombaini ya mkoa. Aongeze safu moja. Kwa kila shule, ni watoto wangapi, wavulana wangapi na wasichana wangapi, waliocheza walau mara moja kwa wiki katika muhula mzima. Mwaka wa kwanza shule nyingi zitaandika sifuri, na nyingine zitaandika uongo. Wa kuukagua uongo huo watapatikana bila posho: mwenyekiti wa mtaa na wazazi wanaokaa mkabala na geti, ambao kila jioni wanaona kama limefunguliwa au la.